Mzee Kaanaeli na Mawingu Yasiyokuwepo

Wafanyakazi wenzangu wa uwanjani, nawasihi sana: karatasi hii ipite mkono kwa mkono, na hata neno lake moja lisifike kwa Bwana Meneja. Wasifu utakaosomwa kwenye sherehe ya Jumamosi nimeupiga taipu mimi mwenyewe, kama nilivyoagizwa. Huu ni ule mwingine.

Mzee Kaanaeli Sumari wa Akheri anastaafu tarehe 31 Desemba 1957, baada ya kuutumikia uwanja wetu wa ndege hapa Arusha kwa miaka ishirini na moja.

Alianza kwa kufyeka nyasi na kuondoa mifugo njiani kabla ndege haijatua. Jirani yetu Simel, ambaye ng'ombe wake walizipenda nyasi zetu kuliko zake, alizoea kumwuliza, "Kaanaeli, ndege yako haili majani. Inagombea nini na ng'ombe wangu?" Naye alimjibu, "Majani haili, lakini ng'ombe itamla." Urafiki wao ulianzia hapo, na mpaka leo kila Krismasi kibuyu cha maziwa hutoka kwa Simel kwenda Akheri.

Baadaye akawa mnyapara wa wale wanaojaza petroli, wanaoweka magogo ya kuzuia magurudumu na wanaopima uzito wa abiria. Bibi mmoja wa shamba la kahawa alikataa kupanda mizani mbele za watu. Mzee aliwaamuru vibarua wote wageuke watazame ukuta, kisha akausoma uzito akiwa amefumba jicho moja. "Nimeona nusu tu, mama," alimwambia. Tangu siku ile bibi huyo hakukubali kupimwa na mtu mwingine.

Alikuwa na kasoro moja ya lugha, na sina budi kuitaja. Kwake yeye kila kitokacho kwenye pipa ni mafuta. Petroli ni mafuta, na oili ni mafuta. Tulimcheka.

Mwezi wa tatu mwaka huu, asubuhi, ndege ya Nairobi ilikuwa karibu kuondoka ikiwa na afisa mkubwa wa serikali. Rubani wetu, Kapteni Pelham, alikwisha kuwasha injini zote mbili na kutoa ishara magogo yaondolewe. Mzee hakuyaondoa. Alikuwa ameona matone chini ya bawa la kushoto. Alipunga mikono mpaka Kapteni akafungua kidirisha.

"Mafuta yanavuja, Bwana Kapteni!"

"Yanavuja kila siku, mzee! Yakiacha kuvuja ndipo nitaogopa."

Hakusema mzaha mtupu. Injini zile hudondosha oili daima, na marubani wote wamezoea.

"Siyo hayo! Ni mafuta mengine!"

"Mafuta gani?"

Kwa kelele zile neno lilimpotea. "Mafuta ya kunywa!"

"Anayekunywa nani?"

"Ndege!"

Tuliokuwa karibu tulicheka. Kapteni hakucheka. Alizima injini zote mbili, akawateremsha abiria, akaja chini ya bawa. Alisema, "Kama sijui ni mafuta gani, siruki." Alikinga kiganja, akanusa. Ilikuwa petroli. Fundi alipofungua kifuniko cha injini walikuta bomba la petroli lina ufa, na matone yanaangukia karibu na bomba la moshi ambalo lilikuwa limeanza kupata moto.

Bwana Meneja alifika akikimbia. Alitaka bomba lifungwe kwa utepe, waende, kwa sababu afisa alikuwa na mkutano.

"Sawa," Kapteni akamwambia. "Kiti cha pembeni yangu kiko wazi. Utapanda nasi?"

Meneja aliwaendea abiria akawaambia safari imeahirishwa kwa sababu ya mawingu mlimani. Wote waligeuka wakautazama Meru. Mlima ulikuwa wazi kabisa mpaka kileleni, na jua limeupiga.

Tangu siku ile petroli tunaiita "ya kunywa" na oili "ya kupaka", na marubani nao husema hivyo hivyo. Hayo ni maneno ya Mzee.

Lakini Kapteni Pelham alihamishwa mwezi wa sita, na baada yake habari ikageuzwa. Sasa inasemwa kwamba Mzee alishtushwa na oili ya kawaida, akamchelewesha mkubwa wa serikali bure, ndiyo maana anapumzishwa. Uvumi umefika Akheri. Kisimani wanawake walimwuliza mkewe, Mama Anande, "Ni kweli baba alizua uongo, ndege ikakatazwa?" Mzee alikuwa amependekezwa kuwa mzee wa kanisa mwakani. Wapo wanaotaka jina lake liondolewe, nalo litaamuliwa kabla ya Krismasi. Yeye mwenyewe hajitetei. Husema tu kwamba abiria walifika Nairobi kesho yake, wote wazima.

Mzee Kaanaeli, kwa miaka yako yote hakuna aliyeumia mahali ulipokuwa umesimama. Tunakushukuru. Kahawa na migomba yako ikupe kazi nyepesi kuliko yetu, na Mungu akujalie wewe na Mama Anande miaka mingi ya utulivu.

Mchungaji amekubali kuwasikiliza walioona kwa macho, nami nimemwahidi kwamba sitakwenda peke yangu. Aliyekuwepo siku ile na yuko tayari kusema, asinifuate ofisini, wala asinipigie simu, maana simu hupokelewa na Bwana Meneja. Aje Kijenge Jumapili baada ya ibada, nyumba ya Mama Ruth anayeuza maziwa. Apitie mlango wa nyuma. Wa mbele unatazamana na kwa dereva wa Meneja. Abishe polepole. Nikikawia asiondoke, nitakuwa nachungulia kwanza. Nitafungua.