Maksai Amesimama Mbele Yenu

Mwenyekiti amesema niketi nikichoka. Asante, lakini sitaketi. Nataka kusema haya nimesimama, kwa sababu kuna wazee hapa Kanduyi walidhani sitasimama tena mbele ya wanaume.

Ndugu zangu, miaka ya themanini ikielekea kuisha nilikuwa nalima mahindi kule Kitale. Mkojo ukaanza kunisumbua. Nasimama nyuma ya choo mpaka miguu inakufa ganzi, na kinachotoka ni matone. Nikasema ni uzee tu. Baadaye mgongo ukauma, nikashindwa hata kuwafunga maksai wangu nira. Hapo mke wangu akanipeleka hospitali, tena kwa nguvu.

Daktari alikuwa mama mmoja asiyecheka ovyo. Akapima, akaniambia nina saratani ya tezi dume na imeingia kwa mifupa. Dawa? Kutoa korodani zote mbili. Akina mama, mnivumilie, neno lenyewe ni hilo.

Nikamwuliza, "Daktari, mimi naumwa mgongo, wewe unataka kukata nini?"

"Mzee, sikia. Seli za mwili zinajua kufa. Wakati wake ukifika, seli inajimaliza yenyewe, ingine inachukua nafasi. Hizi za saratani zimekataa kufa, na kitu inazipa hicho kiburi ni homoni ya kiume. Inatoka kwa korodani. Tukiinyima hiyo homoni, nyingi zitaanza kujiua zenyewe."

"Zote?"

"Siwezi kukuahidi zote."

Jambo kama hilo mwanamume wa kwetu haamui peke yake. Nikaja Bungoma kwa wenzangu tuliotahiriwa nao msimu mmoja. Walinisikiliza, kisha mmoja akasema, "Si ulisimama mbele ya kisu na hukupepesa jicho? Sasa unarudi kwa kisu ikufanye maksai? Heri ufe dume, bana. Fahali wa matanga nitatoa mimi."

Wengine wakaitikia. Wakaanza kubishana nani ataleta kuni, nani turubai. Nawaambia, nilikuwa nimekaa pale pale, kikombe cha chai mkononi, nasikia matanga yangu yakipangwa! Nilikasirika, nikaweka kikombe chini, nikaondoka.

Nyumbani nikamweleza mke wangu. Akaendelea kuchambua maharagwe, halafu akasema, "Hao wanataka mtu wa kuzika. Mimi nataka mtu wa kuishi naye." Asubuhi tukarudi kwa daktari, nikamwambia, "Kata."

Sitawadanganya. Mambo ya chumbani yaliisha, na hilo liliniuma. Joto lilikuwa linanipanda ghafla hata kukiwa na baridi, mke wangu akacheka, "Karibu kwa akina mama." Lakini mkojo ulifunguka. Mgongo ukalegea wiki baada ya wiki, na msimu uliofuata nilishika jembe la kukokotwa mimi mwenyewe. Ndani yangu zile seli zenye kiburi zilikuwa zinakufa. Si zote, labda. Daktari bado ananipima.

Tulipohamia huku nyumbani, sokoni Chwele waliniita maksai. Nikawajibu kwa sauti, wote wasikie: "Ndiyo! Na mvua ikinyesha mnakuja kwangu kukodi nani awalimie? Fahali?"

Kisha jioni moja yule wa fahali akaja kwangu. Hakuingia ndani. Alisimama kwa ua, akainamisha kichwa, akasema mkojo umekataa. Sikumcheka. Nilimshika mkono, nikampeleka kwa daktari yule yule. Leo yuko hapa kati yetu, na sitamtaja.

Namshukuru Mungu, namshukuru daktari, na wewe mama watoto uliyekaa pale nyuma, asante. Wanaume, mkojo ukisumbua nendeni mkapimwe. Msiulize kwanza watakaokula nyama ya matanga yenu.

Na yule fahali niliyetengewa? Alikonda, akazeeka, akafa mwenyewe malishoni. Mimi nilienda kusaidia kumfukia.