Mtaa Usio na Malalamiko

Benchi lenyewe ni ubao uliolazwa juu ya matofali mbele ya kibanda cha kinyozi, chini ya mwavuli wake mkubwa, na ukikaa vibaya miguu yako inaning'inia mtaroni. Mama Cherehani hakai benchini. Cherehani yake iko mlangoni mwa chumba chake jirani na kibanda, yeye uso kwenye kitambaa, masikio benchini, na hakuna neno linalosemwa hapo likampita. Mvua zilizopita mtaro uliziba, maji yakaingia chumbani yakalowesha sare za shule za watoto wa watu. Sasa mawingu yameanza tena kujikusanya, na yeye ameapa kwamba maji yakiingia mara nyingine anafungasha anahama. Lakini wateja wake wote wanamjua mlangoni hapo, na wazo la kuhama linamuuma kuliko anavyokubali kusema.

Asubuhi hiyo chupa ya kahawa ilikuwa ndiyo kwanza imefunguliwa. Satelaiti, fundi simu ambaye hajawahi kusema "sijui" mbele ya watu, alikuja na habari.

— Jiji limeweka takwimu zake hadharani. Taa, taka, mitaro. Mnaona kila mtaa umelalamikia nini na umetengenezewa nini. Mtu yeyote anafungua kwenye simu, bure.

— Hata mimi? Kinyozi aliuliza.

— Hata wewe, ukipata simu yenye kioo kizima.

— Acheni maneno, tusomee mtaro wetu, alisema Mama Cherehani bila kugeuka.

Satelaiti akapekua. Mtaa wa nyuma, malalamiko chungu nzima, mtaro umezibuliwa. Mtaa wa shuleni, malalamiko chungu nzima, mtaro umezibuliwa na mifuniko mipya juu. Kisha kidole chake kikasimama.

— Sisi tuna sifuri.

— Sifuri ya nini?

— Ya malalamiko. Wametupaka kijani kwenye ramani. Hapa chini wameandika kwamba kijani ni mtaa ulioridhika.

Cherehani ikanyamaza. Mama Cherehani aligeuka mzima mzima, sindano ya mkono ikiwa bado mdomoni, akaitoa taratibu ili aweze kukasirika vizuri.

— Nani karidhika? Benchi hili linalalamika tangu kikombe cha kwanza mpaka machicha.

— Kuna mkono wa mtu hapo, alisema Kinyozi. Kuna karani anayafuta. Nahisi ana shemeji mtaa wa nyuma.

— Karani gani bwana. Ramani hii inapigwa kutoka angani, alisema Satelaiti. Ni mwavuli wako huo. Umeufunika mtaro, huko juu wanaona kivuli tu.

— Kwa hiyo mwavuli wangu ndio unaziba mtaro?

— Unaziba taarifa. Ni kitu kimoja.

— Basi na mimi nikwambie. Mtaa huu umeshauzwa. Tunaishi kwenye kiwanja cha mtu, ndiyo maana hatuhesabiwi. Siku moja utakuta geti hapo kwenye kona.

Hapo Diwani akasogeza kikombe. Diwani ni mzee mpole anayevaa koti jua likiwaka, na huwa anasema mwisho.

— Wanangu, mnajisumbua bure. Mimi naona tumepandishwa hadhi. Malalamiko ya mitaa mizito hayaandikwi, yanapelekwa kwa mkono.

Wote wakaitikia kwa kichwa, maana neno hilo lilikuwa na uzito. Hata Mama Cherehani karibu akubali.

Wakati huo alikuwa amefika dada mmoja, mpangaji mpya wa nyumba ya kona, kuchukua mapazia yake. Alikuwa amesimama akisikiliza.

— Samahani, kwani mliyapeleka kwa nani hayo malalamiko?

— Kwa Diwani, alijibu Kinyozi, akimwonyesha kwa kidevu. Kila mara.

— Kumbe. Shikamoo mzee.

— Marahaba, binti.

— Wewe ni diwani wa wapi?

Kinyozi akaanza kufuta kioo ambacho kilikuwa safi. Satelaiti akaigeuza simu kifudifudi. Diwani mwenyewe akaangalia ndani ya kikombe.

Mzee yule aliuza magodoro maisha yake yote. Koti alilinunua kwa ajili ya harusi ya mwanawe. Siku alipolivaa benchini, mtu mmoja akasema anafanana na diwani, jina likamganda. Tangu hapo ikawa desturi: mtu akikanyaga maji machafu anamwambia, "Diwani, mtaro huo," naye anajibu, "Limepokelewa," kisha kahawa inaendelea. Mama Cherehani naye alimwendea mvua zilizopita, sare zikimchuruzika mikononi. Akaambiwa limepokelewa, akarudi ndani moyo umetulia kabisa. Akilikumbuka sasa, aliona aibu na kicheko vikimjia pamoja, asijue atangulize kipi.

— Nilidhani mnatania, alisema Diwani kwa sauti ndogo.

— Na sisi tulidhani unapeleka, alisema Kinyozi.

Mama Cherehani akamhurumia mzee. Hakumruhusu akae na aibu ile peke yake.

— Sote tulikaa tu, hakuna aliyepeleka. Satelaiti, fungua pale pa kulalamikia. Mzee ataanza.

Diwani akavuta koti, akataja jina lake halisi, ambalo nusu ya benchi walilisikia kwa mara ya kwanza. Akaeleza mtaro vizuri sana: ulipozibia, maji yanakoingilia, sare za watoto. Alikuwa amelisikia jambo hilo mara nyingi kuliko mtu yeyote.

— Wanauliza wewe ni nani kwenye mtaa huu, alisema Satelaiti.

Mzee akafikiri kidogo.

— Andika mkazi.

Satelaiti akabonyeza. Wakangoja, vichwa vimegongana juu ya kioo kidogo. Simu ikatetemeka.

— Wamejibu.

— Wanasemaje?

Satelaiti akasoma mara mbili kabla ya kutamka.

— Wanasema, "Limepokelewa."

Benchi zima likamgeukia Diwani. Diwani akaangalia mawingu.

Mama Cherehani aliingia ndani, akazipandisha sare zote kwenye rafu ya juu. Kisha akatoka na kunyoosha mkono.

— Lete simu hiyo. Na mimi naandika langu.