Baba Alidhani Nina Wageni

Wazazi wangu na vijana wenzangu, asanteni kwa kunipa nafasi hii. Mnivumilie nikizunguka kidogo. Mimi hata kuchagua kiti hapa kanisani hunichukua muda.

Nilimaliza chuo hapa Eldoret, nikarudi nyumbani Turbo kungoja kazi. Nilikuwa nimetuma maombi kila mahali, na kichwa hakikutulia. Je, wakinipigia nisishike? Je, barua pepe ikija wakitaka jibu saa hiyo hiyo? Basi simu ikawa mkononi tangu naamka. Mwanzoni niliangalia barua pepe tu. Halafu picha za wale tuliosoma nao, nani ameajiriwa, nani sasa anavaa tai. Halafu video za watu nisiowajua wakiosha mazulia. Ndugu zangu, msicheke. Kuna mazulia machafu sana duniani.

Wakati huo baba akapata kiharusi. Alilazwa hospitali kule Plateau, akarudi akitembea polepole, lakini maneno yalikuwa yamekwama. Daktari alituambia waziwazi: mzee aongeleshwe kila siku na apewe muda wa kujibu, la sivyo huenda usemi wake usirudi. Mama anauza sokoni, kwa hivyo kazi hiyo ilikuwa yangu.

Nilikaa naye, kweli. Namuuliza, "Baba, umelalaje?" Anafungua mdomo, anatafuta neno. Nangoja kidogo, kisha macho yanashuka kwenye simu. Nikiinua kichwa amefunga mdomo, anatazama ng'ombe wa jirani. Mwishowe akaacha kabisa kujaribu. Niliamini ugonjwa unazidi. Hata hilo nililitafuta kwenye simu.

Siku moja nikiwa jikoni nikasikia watu wanaongea nje. Jirani yetu mwenye duka alikuwa amekuja na karai la mahindi ya kupukuchua, akaketi kando ya baba.

"Mzee, leo umependeza! Unaenda harusi?"

Punje zinaanguka kwenye karai.

"Ha... harusi... ya nani?"

"Yako! Mama akichelewa sokoni, sisi tunakuozesha!"

Baba akacheka. Alicheka, nawaambia!

Nilisimama mlangoni nikashindwa kuelewa. Ni ugonjwa gani huu unaochagua mtu wa kuongea naye? Nikitaka kujua jambo mimi situlii. Jirani alipoenda kufungua duka, nikakaa pale alipokuwa, nikachukua hindi moja, nikauliza, "Baba, mbona mimi huniongeleshi?"

Akaanza kutafuta neno. Mikono yangu ilikuwa na mahindi na simu ilikuwa jikoni. Nikangoja. Ikawa muda mrefu, nikangoja.

"Wewe... huwa na... wageni."

"Wageni gani, Baba?"

Akainua kiganja, akakitazama vile mimi hutazama simu.

"Watu... wako. Si... vizuri... kukatiza."

Mnajua vile tumelelewa. Mtu akiwa na mgeni sebuleni, hata maziwa yakimwagika jikoni unasimama mlangoni mpaka wamalize. Baba alikuwa ananipa heshima hiyo. Alikuwa anangoja wageni wangu waende.

Tangu hapo simu hukaa kwenye kabati la vyombo. Maombi ya kazi naangalia mchana na jioni. Siku za kwanza mkono ulienda mfukoni wenyewe. Badala ya kuukemea nikaanza kuuchunguza: wewe mkono, unatafuta nini? Nikagundua unaenda hasa pale baba anapokwama katikati ya neno. Kumbe nilikuwa naogopa. Niliogopa kungoja, nisije nikaona kwamba neno haliji.

Na huja. Mara nyingi huja. Mara nyingine huja lingine, tunacheka.

Sijapona kabisa. Juzi jirani alinikuta nyuma ya boma nikitazama mazulia yangu kwenye simu. "We msichana!" akaniita. "Toka huko, mzee ana stori!" Kazi pia bado sijapata, na bado nawaza sana. Lakini nawaza nikiwa pale pale, kando ya baba.

Namshukuru jirani huyo, mama yangu, na ninyi mliokuja kutuona. Nikiwa na la kuwaachia ni hili: tabia ikikushinda, usianze kwa kujitukana. Ichunguze, ujue inaanzia wapi. Na kama nyumbani kuna mtu amenyamaza, muulize kwa nini, halafu ukae.

Baba yuko hapa kiti cha mbele. Asubuhi ameniambia ana neno la kuwashukuru, na anataka kulisema mwenyewe. Nampa maikrofoni sasa. Itachukua muda. Tafadhali, tumngoje.