Magari Manne ya Umeme

Mshonaji hakuwa mdaku, lakini angefanyaje, kiti chake ndani ya basi kilikuwa nyuma yao. Karani wa usajili wa magari alikuwa akimwelimisha jirani yake, fundi mwenye grisi hadi viwikoni.

"Mji mzima una magari manne tu ya umeme," alisema, akipigapiga faili. "Yakifika hamsini, serikali italeta kituo cha kuchaji. Takwimu hazidanganyi, kaka."

"Manne? Dada yangu, mimi peke yangu nimeng'oa injini thelathini za dizeli nikaweka betri!"

"Mbona hukuyaandikisha?"

"Fomu yenu ina petroli na dizeli tu. Nilipouliza dirishani ofisini kwenu, nikaambiwa niweke alama kwenye dizeli, nisicheleweshe foleni."

Karani alilifunga faili haraka. Mshonaji akajua ni nani hukaa kwenye dirisha hilo.

"Mimi naamini karatasi," karani alisema. "Hata basi hili, kwenye faili langu ni la dizeli."

Mshonaji akatega sikio. Kweli, tangu apande hakusikia mngurumo wowote. Sasa hata magurudumu yalinyamaza, katikati ya mwinuko.

Dereva akageuka. "Fundi, chaji imeisha! Shuka tusukume. Na dada naye aje, aone dizeli inavyosukumwa."