Eti ya Mama Veneranda

Marehemu Veneranda Kihwele alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, Ilula, mtoto wa tatu wa Mzee Amos Kihwele. Alimaliza darasa la saba mwaka 1976. Kusuka vikapu vya milulu, yale majani marefu ya majini, alifundishwa na bibi yake, lakini michoro aliibuni mwenyewe. Mimi Eveline, bintiye ninayewasomea wasifu huu, nilimwona akifumua kikapu mara nne kwa sababu ya mstari mmoja.

Mwaka 1983 alifunga ndoa na Timotheo Ngimba, wakahamia Mlandege. Huko aliwafundisha ususi akina mama thelathini, nao wakamchagua kuwa mwenyekiti wa kikundi chao.

Tarehe 9 Juni 2024 Sosthenes, mwenye studio ya video pale mjini, alikuja kumhoji Mama. Mama alikataa kurekodiwa kabla mgeni hajala.

"Mwanangu, kamera haishibi. Nawa mikono."

Akala, akaongezwa mboga. Kisha akawasha kamera, akamuuliza kuhusu uvumi kwamba michoro ya Mama ni ya Yusta, mwanakikundi mwenzake. Mama akacheka: "Eti niliiba michoro ya Yusta! Yusta mwenyewe si nilimfundisha mimi?"

Katika kuhariri, Sosthenes aliikata "eti", akakata na yaliyofuata. Ikabaki sauti ya mama yangu, na uso wake unaocheka: "Niliiba michoro ya Yusta." Mji mzima uliitazama video hiyo. Kikundi kikamvua uenyekiti, wateja wakapotea.

Mama alimfuata Sosthenes studio mara tatu. "Baba, nirudishie eti yangu."

"Mama, hiyo ni kuedit tu. Video ilikuwa ndefu."

Shukrani ya punda ni mateke.

Presha ikampanda. Mwezi Novemba kiharusi kikachukua mkono wa kulia, ule wa kusukia. Aliaga dunia tarehe 3 Februari 2025. Neno lake la mwisho kwangu lilikuwa, "Ameirudisha?" Nilimdanganya mama yangu. Nilisema ndiyo.

Ameacha mume, watoto wanne na wajukuu tisa. Amemwacha pia Sosthenes, ambaye ukoo umemkodi kurekodi mazishi haya. Sikuzuia, nilimtaka awepo. Sosthenes, usishushe kamera. Wasifu huu umechapwa nakala mia tatu, kila mtu anayo mkononi, na humu hukati hata herufi. Sijakusamehe, na padri asinibembeleze leo.

Apumzike kwa amani mama yetu. Wewe, Sosthenes, usipumzike.