Mama Kavuo Jokébed, Aliyefungulia Bagonjwa Upepo

Bandugu bapenzi, baganga, na ninyi majirani ya Vulamba, mimi Éliakim, mudogo wa marehemu, jamaa imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake, nami ninaisoma na woga, sababu hata sisi tulichelewa kujua ni nani alikuwa katikati yetu.

Dada yetu Kavuo Jokébed alizaliwa ku Musienene tarehe 3 mwezi wa tano 1957, mutoto wa baba Eliezer na mama Mariette, balimaji ya maharagi na viazi. Masomo ya musingi alisoma pale pale, sekondari mu Butembo, akapata diplôme d'État, cheti cha kumaliza sekondari, mu 1976. Tarehe 16 mwezi wa nane 1980 aliolewa na mwalimu Luc Kasika, Mungu akabapa batoto batatu, Delphin, Falonne na Abigaïl.

Tangu 1981 alitumika mu bureau, ofisi ya hospitali moja ya Beni, na pale aliona jambo lililomuchoma: batoto banaletwa na malaria, banapona, kisha banashikwa na kikohozi mule mule mu pavillon, nyumba ya kulaza bagonjwa, sababu ya giza, unyevu na pumzi ya batu makumi ine. Mu 1993 aliomba kwenda Kampala kusoma namna ya kutunza majengo, ili yakule kidogo mazuti, mafuta ya mashine ya umeme, na yasigonjweshe batu. Baba yetu alimuuliza mbele yetu wote: «Kavuo, unaacha batoto juu ya kwenda kusomea ufagio?» Akajibu pole pole: «Baba, nyumba nayo inagonjwa, na haina munganga.» Mimi nilicheka, ninaungama leo. Mume wake hakucheka, alibaki na batoto miaka miwili, mpaka tarehe 24 mwezi wa kumi na moja 1995, siku dada alirudi na cheti chake.

Vita ya 1998 ilipokuja, batu ya Mabalako balikimbilia hospitali, batoto batatu ku kitanda kimoja, na kwa kuogopa masasi bakapigilia mbao ku madirisha yote. Kavuo aliwasha majani makavu mu sahani, akatembea na ule moshi kitanda kwa kitanda, siku tano, akiandika kila mahali moshi unasimama. Kisha akaomba batoboe matundu chini ya paa, juu kupita kichwa cha mutu, upande upepo unatokea. Munganga mukubwa akasema: «Mama, na lisasi ikiingia?» Akamujibu: «Docteur, lisasi haijaingia hata moja, lakini kikohozi imeshazika batoto kenda.» Bakatoboa, na mu miezi mitatu iliyofuata kikohozi ilizika mumoja tu.

Tarehe 6 mwezi wa tatu 2000 baaskari balibeba groupe, mashine ya umeme ya hospitali, na mazuti yote, na asubuhi ile ile akaletwa mama mumoja aliyeshindwa kuzaa. Tulihesabu amekufa. Lakini Kavuo alikuwa ameshaweka mabati ya kupitisha mwanga juu ya salle d'opération, chumba cha kupasulia bagonjwa, na kupaka kuta chokaa, juu ya kuokoa mazuti, na saa ine mwanga ulikuwa umejaa mule sawa maji mu beseni. Mimi, niliyemuletea tu chakula, niliwekwa kushika kioo cha kuongeza mwanga, nikaona mutoto akitolewa, akalia, mama naye akapona, nami nikasahau kioo mpaka munganga akanigombeza.

Mu mwezi wa pili mwaka huu ugonjwa wa ini ulimushika. Alilazwa mu pavillon aliyoitengeneza, akakataa kitanda cha chini ya tundu, akasema kipewe mwenye kukohoa. Alituacha Jumanne tarehe 10 mwezi wa kenda 2002, saa tatu ya asubuhi, na miaka makumi ine na tano.

Tunashukuru baganga na bauguzi, batumishi wenzake, majirani waliopika, na dereva aliyemuleta kutoka Beni. Tunashukuru pia askari mumoja, jina lake hatujui. Ku bariyeri ya barabara alifungua mulango wa gari kwa nguvu, akauliza maiti ni ya nani, tukamuambia. Akasema: «Ni ule mama wa matundu? Mutoto wangu alilala mule, anaishi.» Akavua kofia, akainua muti wa bariyeri yeye mwenyewe, akabaki ameushika mpaka gari letu la mwisho likapita.

Dada Kavuo, umetumika vya kutosha, lala sasa na amani ya Bwana.