King'ora cha Tata François

Tata François Kabemba, tunayemzika leo, alizaliwa Kisenge tarehe 14 Machi 1971, mtoto wa pili wa Tata Kalombo, mchimbaji wa madini ya manganizi, na Mama Tshilombo. Tangu kuzaliwa hakujua kutulia. Kule Kisenge, king'ora cha mgodi kikilia nje ya saa za kazi, ishara ya ajali, mama aliacha kusonga bukari jikoni akasimama mlangoni mpaka amwone baba anakuja. François alisimama naye, ameshika kitenge chake. Kila mara baba alirudi, ila Oktoba 1979 hakurudi, jiwe lilimwangukia.

Mama akatuleta, François na mimi dada yake, Kolwezi kwa mjomba, hapa Dilala. François alisoma hapa hapa, akapata diploma ya serikali katika elektroniki mwaka 1990, kwa asilimia hamsini na mbili tu, maana wenzake wakirudia masomo yeye alikuwa anafungua redio za watu. Zingine zilifungika tena.

Ufundi wa redio ndio uliomlisha. Lakini mnamjua kwa jambo lingine, msijifanye. Mwaka 1993 padri mmoja aliyekuwa anarudi kwao alimwachia synthé, kinanda cha umeme cha zamani, vitufe viwili vimekufa. Jumapili kilisindikiza kwaya. Siku zingine kilitoa muziki wa kuogopesha kwa filamu za rafiki yake Dodo, zile ambazo mzimu ni mtu aliyepakwa unga. Filamu kumi na moja! Wengine walinong'ona kwamba anaita wafu. Wafu gani? Alikuwa anaita umeme, nao ulikuja ulipopenda.

Tarehe 12 Julai 2003 alifunga ndoa na Adolphine, wakapata Mignonne na Mbayo. Adolphine aliweka sharti moja: muziki ule hausikilizi. François akianza kupiga, yeye huyo kwa jirani. Hilo lilimuuma François kuliko manung'uniko ya majirani wa kartye nzima. Kila filamu ikiisha alimwomba asikilize hata kipande kimoja, mpaka mwisho. Miaka zaidi ya ishirini, jibu likawa hapana.

Na tulimwelewa Adolphine, hasa baada ya Jumamosi ya 9 Juni 2018. Hapa kwetu king'ora cha mgodi kikilia, watu wanatoka nyumbani na batoto, wanangoja baruti ipasuke ndipo waingie, kwa sababu ya nyufa za kuta, zisije zikawaangukia. François aliiga mlio ule kwenye synthé, akaurekodi kwenye kaseti, akaiacha inacheza kwa sauti na kwenda kununua mkate. Kurudi, akakuta kartye yote barabarani. Akauliza, akaambiwa sirene ya mgodi imelia. Basi na yeye akambeba Mbayo, akasimama nao. Walingoja nusu saa; baruti haipasuki, na hakuna anayethubutu kuingia. Kaseti aliyoisahau nyumbani ilipojigeuza upande wa pili, mlio ukaanza tena, safari hii na ngoma nyuma yake. Watu wote wakamgeukia. Mkuu wa kartye alimnyang'anya kinanda, akakaa nacho miezi mitatu.

Novemba 2023 kifua kilianza kumbana. Hospitalini aligombana na kitanda, na dripu, na daktari. Alikuwa na muziki wa filamu ya kumi na mbili mikononi, wenye mlio wa king'ora ndani yake, na aliogopa kufa kabla ya kuumaliza. Aliumaliza tarehe 2 Februari 2025. Kesho yake mchana, kando ya kitanda, Adolphine mwenyewe alinyoosha mkono, akavaa visikizio. Alisikiliza dakika tisa zote, François akimwangalia usoni. Alipovivua alikuwa analia.

«Hii haiko ya kuogopesha,» alisema. «Ni mutu anangojea mwenzake, na mwenzake hayafika bado.»

«Basi umesikia,» François alijibu. Akalala bila kugeukageuka, mara ya kwanza tangu alazwe. Alifariki Jumanne tarehe 4 Februari, saa nne asubuhi.

Ameacha mjane, Adolphine. Watoto, Mignonne na Mbayo. Dada yake mkubwa Valérie, anayesoma maneno haya. Dodo na kamera yake moja. Adolphine ameagiza kwamba jeneza likishuka, muziki ule upigwe mpaka mwisho. Kwa hiyo, watu wa Dilala, mukisikia king'ora musikimbie. Simameni kidogo na Adolphine, maana sasa ni yeye anayengoja.

François, mdogo wangu, safari hii tulia. Pumzika kwa amani.